Kupanga nukta za desimali kwenye safu: tumia FieldPosition

Katika Java, usitafute nukta kwa indexOf('.') baada ya kufomati (kugeuza namba kuwa maandishi). Kwa Locale.GERMANY (mtindo wa Ujerumani) namba 1234567.89 hutoka 1.234.567,89, kwa hiyo utaishika nukta ya maelfu badala ya desimali. Java ina kifaa cha kazi hii tangu zamani, ila wengi hawakijui: FieldPosition, inayokuambia sehemu fulani ya namba inaanzia na kuishia wapi. Hapa nf ni NumberFormat, x ni namba, na 12 ni upana uliotengwa kabla ya nukta:

FieldPosition fp = new FieldPosition(NumberFormat.INTEGER_FIELD);
StringBuffer sb = new StringBuffer();
nf.format(x, sb, fp);
int pengo = 12 - fp.getEndIndex();
System.out.println(" ".repeat(pengo) + sb);

Kwa 1,234,567.89 (Locale.US), getBeginIndex ni 0 na getEndIndex ni 9: faharasa ya mwisho ni ya herufi inayofuata sehemu nzima, yaani nukta yenyewe. Alama ya kutoa haimo: kwa -12.5 mwanzo ni 1, mwisho 3. Hesabu ya pengo haiathiriki.

Kinachowakwaza wengi ni StringBuffer. Faharasa huhesabiwa tangu mwanzo wake, si tangu mwanzo wa namba. Ukiitumia tena, ita kwanza sb.setLength(0), la sivyo pengo litapungua kila mara, na likiwa hasi repeat itatupa IllegalArgumentException. Namba yenye tarakimu nyingi kuliko upana huleta kosa hilohilo, basi weka Math.max(0, pengo).

Kwenye tarehe, sehemu (k.m. mwezi) ikirudiwa ndani ya patani, yaani muundo wa tarehe, utapata nafasi ya kwanza tu. Ukizitaka zote, tumia formatToCharacterIterator.