Kumshitakia Mwenyezi Mungu dhiki yako si kukosa subira

Assalaamu alaykum ndugu yetu. Umeeleza kwamba madeni yamekuzidi kimo, kwamba ukikaa kuomba dua maneno hayaji, na kwamba jamaa wa msikitini kwenu wamekuonya kuwa kulia shida mbele ya Mungu ni kukosa subira. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokufunga ulimi.

Katika Sura Yusuf, Nabii Yaaqub, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe Yusuf, anawajibu wanawe katika aya ya 86 kwamba masikitiko yake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Huyo ndiye aliyetangulia kusema, katika sura hiyo hiyo, kwamba lake yeye ni subira njema. Basi subira na mashitaka vilikaa katika kifua kimoja bila kugombana, na kinacholaumiwa ni kumshitaki Mungu kwa viumbe wake, kana kwamba Yeye ndiye tunayemdai. Tena usiishie hapo, soma aya inayofuata, ambamo mzee huyo anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Wahadhiri wengi huisoma ile ya 86 kwa sauti ya majonzi wakaiacha ya 87, ilhali anayeshitaki na anayetuma watu kutafuta ni mtu mmoja.

Mimi nina duka la nafaka hapa Tanga. Mwaka mmoja shehena ya mahindi ilinyeshewa njiani ikaota ukungu, na mahindi yenyewe nilikuwa nimeyachukua kwa mkopo, nikawa nadaiwa na watu wa bara na watu wa mtaani kwa pamoja. Dua iliyonishika mkono wakati huo ni ile ambayo Anas bin Malik, aliyekuwa akimhudumia Mtume (S.A.W.), amesimulia kwamba alikuwa akimsikia akiisoma mara kwa mara, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyiko wa hadithi za Mtume: kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu, yaani wahaka wa moyo, na huzuni, na kutojiweza na uvivu, na ubahili na woga, na uzito wa deni na kuonewa na watu. Itazame ilivyopangwa. Aliyeelemewa na deni mara nyingi anavyo na hivyo vingine: hulala mchana kwa sababu hataki kufungua duka, huizima simu kwa kuogopa sauti ya mdai, na huwafokea watoto wakiomba hela ya daftari. Dua hiyo inayataja yote kwa majina, na ndivyo nilivyojifunza kuomba, kwa kutaja jambo lilivyo.

Kwa hiyo nilipomaliza swala ya usiku nilibaki juu ya msala nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu: Ewe Mola wangu, nadaiwa na fulani kiasi hiki, na fulani kiasi hiki, sina, na namwonea haya kumpigia. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu kuomba kwa lugha yako ndani ya swala yenyewe, lakini ukishatoa salamu uko huru, wala huhitaji mashairi. Nilipofika kwa jina la mdai mkubwa kati yao, mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, niliona kwamba ninalomwambia Mungu naweza kumwambia na yeye. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mzee. Mahindi yameharibika, sitaweza kulipa kwa mkupuo mmoja. Naomba unipokee kidogo kidogo."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Kunyamaza kwako ndiko kulikonitia wasiwasi. Lete unachopata."

Sikwambii kwamba deni liliisha kwa muujiza. Lilichukua muda mrefu, na mwingine kati ya wadai hakuwa mpole hata kidogo. Lakini usingizi ulirudi kabla ya fedha kurudi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume amesema mja hujibiwa maadamu hana haraka ya kusema, nimeomba nami sikujibiwa.

Jihadhari pia na wale wanaotoza fedha ili wakuombee. Anayemdai mwenye madeni ada ya kisomo amejiandikisha naye kwenye orodha ya wadai.

Umeuliza pia kuhusu wakati wa kuomba. Kinachosifiwa zaidi ni theluthi ya mwisho ya usiku, ambayo kwa huku kwetu Tanga, ukihesabu tangu magharibi hadi alfajiri, huanza takriban saa saba na nusu. Kama kazi yako inakuchosha hata huwezi kuamka, wahi msikitini, kwa kuwa imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba dua hairudishwi baina ya adhana na iqama, ule wito wa pili wa kusimama kuswali. Ni dakika chache, simu imezimwa kwa sababu ya heshima, na hakuna mdai atakayekuita hapo.