Draiva ya kufungwa kwenye Linux: je, nimevunja leseni?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Nilinunua laptopu iliyotumika nikaiwekea Linux, vyote vikakubali isipokuwa waifai. Kijana mmoja akaniwekea draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, ya kampuni iliyotengeneza kadi ya waifai, ikawaka. Wiki tatu baadaye niliruhusu masasisho, waifai ikapotea tena. Kijana ananiambia draiva hiyo ni ya kufungwa, yaani msimbo wake umefichwa, na kuiweka kwenye Linux ni kuvunja leseni. Nimekosea? Na mbona mfumo unaoitwa huru hauna draiva? Tena wateja wanataka niwawekee Linux kwa malipo. Naruhusiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ondoa hofu, hujavunja chochote. Keneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo unaoendesha vifaa, iko chini ya GPL, leseni ya programu huru, tangu 1992, na toleo lake la 2, ndilo linalotumika, linatamka kwamba kuiendesha programu hakuzuiwi. Masharti yanakubana ukishaanza kugawa nakala: unayempa programu ana haki ya kupata na msimbo chanzo wake, yaani maandishi yake yanayosomeka na mtu. Kijana wako hajaota lakini. Wapo waandishi wa keneli wanaoshikilia kwamba kugawa draiva ya kufungwa iliyoshonwa kwenye keneli ni kukiuka GPL, na ubishi huo ni wa miaka mingi. Keneli yenyewe ikibeba draiva ya namna hiyo hujiwekea alama ya doa, ili anayechunguza hitilafu ajue kuna kipande kisichosomeka. Zipo pia kazi zake za ndani ambazo hazifunguliwi kwa draiva isiyojitangaza kuwa ya GPL.

Kwa nini ilizimika? Masasisho yalileta keneli mpya. Draiva yako ina kiini kilichofungwa na ganda jembamba la nje, na ganda hilo husukwa upya kila keneli inapobadilika. Likishindwa kusukwa, kadi inakuwa kipofu. Washa laptopu, na kwenye menyu ya mwanzo chagua keneli ya zamani. Waifai itarudi leo hii. Ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB, shirikisha intaneti ya bando lako, kisha weka faili za vichwa (headers) vya keneli mpya, zinazohitajika kulisuka ganda, na usakinishe draiva upya. Angalia pia Secure Boot, ulinzi wa kuwasha kompyuta, kwenye BIOS (mipangilio ya kabla mfumo haujawaka), maana ikiwa imewashwa hukataa draiva isiyo na saini inayotambulika.

Kuhusu mfumo huru kukosa draiva, watu wa Debian, moja ya matoleo ya Linux, walibishana sana. Kwa miaka mingi diski yao rasmi haikubeba kitu cha kufungwa. Mwaka 2022 walipiga kura, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaanza kubeba femwea (programu ndogo zinazoendesha kifaa kwa ndani) za kufungwa ndani ya diski ya kusakinishia. Naiunga mkono kura ile kwa moyo wote, kwa sababu mtu wa Kibaigwa au Manyoni asiye na waya wa mtandao angepakua vipi femwea ya waifai bila waifai? Ila femwea hukaa ndani ya kadi, na draiva huingia ndani ya keneli. Draiva kama yako bado imetengwa kwenye sehemu ya programu zisizo huru, uiwashe mwenyewe.

Ninavyoiogopa draiva ya kufungwa, sababu yangu iko juu ya kabati hapa ofisini Majengo. Ni skana. Nilikuwa nikipitishia vyeti vya vijana wanaoomba kazi, foleni hadi barazani. Draiva yake ilitoka kwa ajili ya mifumo ya biti 32 pekee, kampuni ikaacha kuitunza, nami nikahamia biti 64. Ukiichomeka umeme hadi leo taa inawaka nyeupe, kichwa kinatembea mpaka mwisho wa kioo na kurudi. Mashine nzima kabisa! Nilikuwa tayari kumlipa mtu aitengeneze draiva, lakini msimbo haupo, atengeneze nini? Inaniuma kila ninapofuta vumbi.

Kampuni zinaweza kubadilika. Mei 2022 Nvidia, kampuni ya kadi za michoro, ilifungua sehemu ya draiva yake inayokaa kwenye keneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na za baadaye, ingawa sehemu nyingine imebaki kufungwa.

Wateja wako wawekee, na utoze. GPL hairuhusu tu kugawa bure, inaruhusu pia kuuza. Draiva ya kufungwa usiinakili kwenye flashi na kuigawa bila kusoma leseni yake. Acha kompyuta ya mteja iipakue yenyewe kutoka hazina ya programu ya distro yake, yaani toleo lake la Linux.

Kwa laptopu yako, ukichoka na kusuka ganda upya, tafuta kadi ya waifai ya Atheros inayotumia draiva iitwayo ath9k: ni wazi na haihitaji femwea ya kupakiwa. Thibitisha kwanza kama BIOS yako inakubali kadi ngeni, zipo laptopu zinazokataa. Na siku ukienda kununua nyingine, nenda na flashi yenye Linux. Iwashe pale pale dukani kabla hujatoa hela, ufungue orodha ya waifai uone kama majina ya mitandao ya jirani yanatokea. Muuzaji akikatalia flashi yako, vuka barabara uende duka la pili.