Wanahesabuje vifo ambavyo havikutokea?
Mkuu, umeuliza mtu ambaye hakufa kwa kuwa aliokolewa na chanjo ya korona anahesabiwaje. Hahesabiwi mmoja mmoja. Watafiti wanajenga modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoigiza mlipuko, inayofuata vifo vilivyotokea kweli, kisha wanaiendesha upya bila chanjo. Tofauti ndiyo makadirio. Watafiti wa chuo cha Imperial College London walifanya hivyo kwa nchi 185: mwaka wa kwanza wa chanjo ya korona, vifo milioni 14.4 viliepukwa kwa takwimu rasmi, milioni 19.8 ukitumia vifo vilivyozidi kawaida.

Hiyo ya pili ndiyo naiamini zaidi. Hapa Dar tulizika watu kwa “changamoto ya upumuaji”, hawakupimwa, na takwimu hazikutangazwa zaidi ya mwaka. Chanjo yenyewe ilituanzia Julai 28, 2021, mwaka huo wa modeli umeshakula miezi saba.