Kabla hujalipia furushi la masomo ya CLEP, nisikilize kwanza

Jumapili nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Kitanzania anayeishi Houston. "Shikamoo dada. Nataka kufanya CLEP ya sosholojia. Nimeona furushi la masomo la dola 189, wanasema bei inapanda kesho. Nilipe?" Niliusoma nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku nyumba ya wazee, na moyo ukaniuma. Mwaka juzi niliona tangazo la namna hiyohiyo, na sikuwa na wa kumuuliza. Nikalipa.

Kwa wasioijua, CLEP ni mitihani ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, ipo tangu 1967, na sasa iko 34. Ukifaulu, chuo kinakupa krediti za somo, yaani vile vipimo vinavyojumlishwa mpaka upate digrii, bila wewe kukaa darasani semesta nzima. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani linapendekeza 50 ndiyo iwe ya kufaulu. Ada ya mtihani haifiki dola 100, ingawa kituo cha mtihani huongeza na yake. Chuoni kwetu krediti moja inakaribia dola 200, kwa hiyo somo la krediti 3 linakula 600. Kwa sisi tunaobeba boksi na huku nyumbani wanasubiri pesa ya ada na ya dawa, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mimi nilisoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Hesabu niliagana nayo kidato cha nne, na tuliagana vibaya. Kwa hiyo chuo kiliponiambia lazima nipate krediti za aljebra, nilishikwa na hofu, na mwenye hofu huwa hachagui, hununua. Kuna kampuni ilikuwa inauza furushi la aljebra: kitabu kinene, kadi za kukariri, video, na kikokotoo cha kuchora grafu. Nililipa zaidi ya dola 200 na kuongeza zamu mbili za wikiendi kufidia. Nilipokwenda kwa mshauri wa wanafunzi kumwambia mpango wangu, aliniangalia akasema mitihani hii haiwafai watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili. Maneno yale sijayasahau mpaka leo.

Nilisoma kitabu kile miezi miwili, ukurasa kwa ukurasa, tangu mwanzo. Siku ya mtihani nikaambiwa kikokotoo changu hakiingii chumbani. Kinachotumika ni kile cha kwenye skrini ya kompyuta, ambacho sikuwahi hata kukigusa. Maswali 60, dakika 90. Ulipoisha, alama ikatokea palepale mbele yangu: 44. Nililia kwenye maegesho ya magari, halafu nikaenda kazini. Kurudia mtihani uleule lazima usubiri miezi 3.

Katika miezi ile 3 ndipo nilipofanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Nilifungua tovuti ya College Board nikasoma maelezo ya mtihani wangu. Ni bure, yapo pale kwa kila mtihani. Yanakwambia mtihani umegawanywaje: kwa aljebra, asilimia 30 ni fankisheni na tabia zake. Nilirudi kwenye kile kitabu cha furushi nikakuta fankisheni zimebanwa sura mbili za mwisho, ambazo nilizipitia nikiwa nimechoka. Karibu theluthi ya mtihani! Hela yangu ilikuwa imenunua kurasa, haikununua mpangilio.

Kisha mwenzangu wa kazini, mama wa Kikongo, akanionyesha Modern States. Hili ni shirika lisilo la faida lenye kozi za bure za mitihani ya CLEP. Unaangalia video, unafanya maswali ya kila sehemu, na ukimaliza kozi unaomba vocha inayolipa ada ya mtihani. Nilidhani ni utapeli. Siyo utapeli. Nilipokwama kwenye logariti nilikwenda Khan Academy, tovuti ya video za masomo, bure, nikarudia video moja mpaka nikaielewa. Kitabu nilitumia cha OpenStax, vile vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Rice, unavishusha kwenye simu bila kulipa. Maswali ya mazoezi nilipata kwa kadi ya maktaba ya umma, maana maktaba nyingi huku zimelipia tovuti za mitihani na watu hatuulizi. Mara ya pili nilipata 58.

Kuanzia hapo sikusimama. Sosholojia, saikolojia, makuzi ya binadamu. Jumanne iliyopita nimefaulu historia ya Marekani sehemu ya kwanza, ile inayoishia 1877. Maswali 120 kwa dakika 90, yaani sekunde 45 kwa swali, kwa Kiingereza, mimi wa lugha ya pili. Hapo pia nilianza na maelezo ya mtihani: asilimia 70 inatoka 1790 kwenda mbele. Kwa hiyo sikupoteza mwezi kwenye safari za Columbus. Nilikaa na Rais Jackson, utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe na miaka iliyofuata. Sasa nina krediti 15, na katika mitihani hiyo mitano hakuna hata mmoja niliofaulu kwa furushi la kulipia.

Ndugu zangu, acheni kununua kwa hofu. Tunaona bei kubwa tunadhani ndiyo uhakika. Anza na chuo chako: wanakubali mtihani upi, kwa alama ngapi, na kikomo chao ni krediti ngapi, tena wakujibu kwa maandishi, maana vyuo vinatofautiana. Halafu maelezo ya mtihani. Halafu vya bure. Fanya jaribio moja la mazoezi kwa kuhesabu muda kama wa mtihani, peke yako, simu mbali, na ubahatishe swali usilolijua kwa sababu kukosea hakupunguzi alama. Kama baada ya hapo kuna sehemu inakushinda, basi nunua kitu cha sehemu hiyo tu. Mwongozo rasmi wa mtihani mmoja hauna bei kubwa, na huo una maswali ya watunzi wenyewe.

Na wanaoniuliza kuhusu Kiswahili: CLEP haina. Lugha zake ni Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Inaniuma, lakini wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi mliosoma kwa Kifaransa, huo mtihani uangalieni leo, kabla ya mwingine wowote.

Mdogo wangu wa Houston, marahaba. Usilipe. Rice ipo hapohapo mjini kwako na kitabu chao cha sosholojia ni bure. Kisome na kozi ya Modern States kwa wiki sita, Jumamosi fanya jaribio, unitumie alama uliyopata hata kama ni ndogo.