Kuangalia msanii anachonga laivu, uanzie wapi

Kaka uliyeuliza kama kuna makumbusho ambako unamkuta msanii mwenyewe anafanya kazi sio vitu vya kwenye kabati la kioo tu, mi niko Mtwara hapa na jibu langu ni nenda Dar, kichekesho kweli maana Wamakonde ndo kwao huku lakini wachongaji wengi walishafuata soko la watalii zamani. Ukifika nenda Kijiji cha Makumbusho kile cha Bagamoyo Road, kuna nyumba za asili za makabila na mafundi wanakuwepo, halafu hapo Mwenge karibu tu kuna vinyago ukae hata nusu siku. Utaona gogo la mpingo lina nyeupe nje, wanaitoa kwa tezo mpaka weusi unatokea, ndo patasi inaingia, alafu msasa, msasa, msasa yani mkono unauma kwa kuangalia tu 😂 Mpingo mgumu sana, ukiupeleka vibaya unapasuka na kazi ya wiki imeenda. Wachoraji je? Wale wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji uliopewa jina la mwanzilishi wake, wako Oysterbay, wanachora wamekaa chini na rangi za mafuta za makopo, na mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alikuwa mtu wa Tunduru, jirani zetu kabisa hapo.

Ila omba kabla ya kupiga picha, na ukikaa muda mrefu nunua hata kitu kidogo bana, fundi nae anakula.