Mume wangu anamtania mama yangu redioni kila sikukuu

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni mtangazaji wa kipindi cha michezo. Kila asubuhi yeye na mwenzake hukaa hewani wakibishana na kutaniana, na wasikilizaji wanawapenda. Sikukuu zikikaribia, utani unahamia nyumbani kwetu: nani kaburutwa kwa wakwe wakati wa mechi, nani anachungulia matokeo kwenye simu chini ya meza. Mwaka mmoja mama yangu alizima televisheni katikati ya penalti ili tusali kabla ya kula. Mume wangu alikwenda kulisimulia hilo redioni na kumpa mama jina la "Refa". Siku ile hata mimi nilicheka. Lakini jina halikufa. Kila msimu watu wanapiga simu kuuliza, "Refa hajambo?" Mwaka huu mama amesema haji kwetu. Mume wangu anasema ni utani tu, tena siku yenyewe ya sikukuu atakuwa studio kwa sababu kuna mechi kubwa. Nimechoka. Nifanye nini?*

Marahaba, binti yangu. Kinachokuumiza kina sehemu mbili ambazo wewe umezifunga pamoja: mumeo hayupo nyumbani siku ya sikukuu, na mama yako anasimuliwa hewani. Usimpelekee zote kwa pumzi moja. Ukifanya hivyo atajitetea kwa ile ya kwanza, ambayo ana haki nayo kiasi, na ile ya pili itapita bila kuguswa.

Kuhusu kutokuwepo nitasema machache. Mechi kubwa huwekwa siku za sikukuu kwa sababu siku hizo watu wako nyumbani, na mtangazaji hufuata mechi. Redio yenyewe ilichangia kuujenga utaratibu huo. Mwaka 1934, huko Marekani, George Richards aliinunua timu ya futiboli ya Kimarekani na kuihamishia Detroit, ambako alikuwa pia na kituo cha redio. Akapanga mechi dhidi ya Chicago Bears siku ya sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), na mtandao wa redio wa NBC ukairusha kupitia vituo 94. Detroit walifungwa 19 kwa 16, lakini mechi ya siku hiyo ikageuka mila, na mpaka leo Detroit Lions hucheza nyumbani kila sikukuu ya Shukrani. Kwa hiyo mumeo anapokwambia kazi yake haiwezi kukwepa siku hiyo, anasema kweli. Wauguzi, madereva na walinzi nao wana zamu za namna hiyo, na familia zao zimejifunza kusogeza sherehe.

Lakini ratiba hizo ni za kupangwa na watu, na watu huzibadilisha. England waliwahi kucheza ligi siku ya Krismasi yenyewe. Ratiba kamili ya mwisho ya siku hiyo ilikuwa mwaka 1957, na mechi ya mwisho ya ligi ikawa ya Blackpool na Blackburn Rovers mwaka 1965. Boxing Day, siku inayofuata Krismasi, ambayo mashabiki waliiona kama haki yao ya kuzaliwa, mwaka 2025 ilibakiwa na mechi moja tu ya Ligi Kuu. Ikiwa ligi nzima inaweza kusogea, watangazaji wawili wanaweza kupokezana: mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Muulize mumeo kama amewahi kuliomba hilo. Nahisi hajawahi.

Sasa tuje kwa mama, maana huko ndiko kwenye kidonda.

Najua mumeo hamchukii mama yako. Kipindi cha kila siku kinakula maneno mengi. Mechi huchambuliwa zikaisha, usajili ukajadiliwa mpaka ukachosha, halafu mtu anagundua kwamba akisimulia kisa cha nyumbani simu zinafurika. Wasikilizaji wanajiona humo: kila mmoja ana mkwe, ana chakula kilichocheleweshwa na dakika za nyongeza, ana mjomba anayeshangilia timu pinzani. Visa hivyo hupasha moto kipindi. Mtangazaji mzuri anaujua utamu wake, naye akishauonja, kuacha ni kugumu.

Ila utani una masharti yake, na sisi tuliolelewa katika utani tunayajua. Mtani hujibiwa. Leo nakuchokoza, kesho unanichokoza, na anayezidiwa ana ruhusa ya kunyamaza bila jina lake kuendelea kutembezwa. Mumeo na mwenzake studio wanatimiza masharti hayo: kila mmoja ana maikrofoni, na timu ya mmoja ikifungwa Jumapili, Jumatatu atalipa. Mama yako hana maikrofoni. Watu ambao hajawahi kukutana nao wanamwita kwa jina ambalo hakulichagua, tena kwa tendo la sala. Hebu lifikirie hilo kwa upande wake. Alitaka familia isali pamoja, na jambo hilo ndilo lililogeuzwa kichekesho. Mimi nisingekuja pia.

Kuna kitu umekitaja haraka nami sitaki kikupite: ulicheka. Sikulaumu, kisa kilikuwa cha kuchekesha, na pengine mama mwenyewe alitabasamu siku ile. Lakini mumeo bado anaishi na kicheko kile. Akilini mwake mke alikubali, basi mambo ni shwari. Huenda hajasikia kutoka kinywani mwako kwamba mambo yamebadilika. Mwambie hivi hivi: "Mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki tena, na mama hatakuja kwa sababu ya lile jina." Usiongeze kwamba hampendi mama yako wala kwamba anaijali mipira kuliko familia. Sentensi hizo zitamfungulia ubishi, na ubishi ndiyo kazi yake, atakushinda. Sababu ya mama kutokuja haina ubishi. Mwachie aisikie, kisha unyamaze.

Halafu mwombe aende kwa mama. Aende mwenyewe, bila wewe, bila mwenzake wa kipindi, na kisa cha ziara hiyo kisije kikasikika hewani hata kidogo. Najua utatamani aombe radhi palepale redioni alipokosea. Kwa kawaida ningekubaliana nawe kwamba kosa la hadharani lisafishwe hadharani, lakini hapa naogopa. Msamaha wa hewani utageuka kipande kingine cha kipindi. Simu zitaita, watu watauliza Refa amesemaje, na mama atakuwa amesimuliwa mara nyingine. Kama baada ya kuonana mama atasema anataka neno lisemwe redioni, lisemwe kwa maneno anayoyakubali yeye. La sivyo yaishie sebuleni.

Kuhusu wapiga simu, mumeo asikwambie kwamba hana uwezo nao. Vipindi vingi vya aina hiyo vina mtu anayepokea simu kabla hazijaingia hewani, na anaweza kuambiwa asipitishe swali hilo. Vituo vingi pia huchelewesha sauti kwa sekunde chache ili jambo lisilofaa likatwe. Na likipenya, mtangazaji mwenye uzoefu hulimaliza kwa sentensi moja, "Hilo tumelifunga, turudi kwenye mechi," kwa sauti ya kawaida, bila maelezo. Wakiona halimnogi tena mwenyewe, wataliacha.

Akikuuliza basi atazungumza nini msimu wa sikukuu, mkumbushe kwamba mpira una hazina yake. Boxing Day ya mwaka 1963, mechi kumi za daraja la kwanza England zilitoa mabao 66. Fulham waliwapiga Ipswich 10 kwa 1, na siku mbili baadaye Ipswich wakawafunga haohao 4 kwa 2. Manchester United walipigwa 6 kwa 1 na Burnley, kisha katika marudiano wakashinda 5 kwa 1. Hapo kuna asubuhi nzima ya ubishi: wachezaji walikuwa wamekula nini, makipa walikuwa wapi, kocha aliwaambia nini ndani ya siku mbili. Asimulie pia utoto wake, sikukuu alizokosa kwa ajili ya kazi, timu aliyoililia. Hayo ni yake, ayatumie apendavyo. Ya mtu mwingine aombe kwanza, na jibu la "hapana" liwe jibu kamili.

Itakuwaje akikataa? Nitakwambia ninavyoamini, ingawa si jepesi. Mwambie wazi kwamba tangu siku hiyo wewe na watu wako mtapima maneno mbele yake. Usiseme kwa kumtisha, useme kwa sababu ndicho kitakachotokea. Mama ameshaanza. Watoto, kama mnao, watafuata wakifika umri wa kuona haya mbele ya wenzao. Nyumba ambamo watu wanachunga ndimi zao mbele ya baba imepoteza kitu ambacho umaarufu wa kipindi hauwezi kukilipa, na mwanamume anayeipenda familia yake akiambiwa hivyo kwa upole atasikia.

Mama usimsukume, na usimbebee ujumbe wa mumeo. Nenda kamwone kwa niaba yako mwenyewe, umwambie kwamba kicheko chako cha siku ile unakijutia. Nadhani anakisubiri hicho kuliko msamaha wa mkwe.

Na sikukuu ya mwaka huu iwekeni jioni baada ya mechi, au siku inayofuata, saa ambayo mumeo anaweza kukaa mezani akiwa amezima simu. Zamu za sikukuu hupangwa mapema na mwenzake naye ana familia, kwa hiyo zungumza na mumeo wiki hii, siku ambayo hana kipindi kesho yake.