Miezi ile tisa Msumbiji ilikuwa mikononi mwa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika insha kuhusu uhuru wa Msumbiji. Mkataba wa Lusaka ulisainiwa tarehe 7 Septemba 1974, lakini uhuru ulitangazwa 25 Juni 1975. Katika kipindi hicho nchi ilikuwa mikononi mwa nani? Na watu waliopigana miaka kumi waliwezaje kukabidhiana nchi bila kuanza tena kupigana? – Mwanafunzi, Masasi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kuhusu miezi ile ya katikati, maana wengi huiruka wakakimbilia bendera.

Kwanza rudi nyuma hadi Juni 1974. Serikali ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno iliyoitawala Msumbiji, ilikuwa imepinduliwa na maofisa wake wenyewe tarehe 25 Aprili, na Waziri wa Mambo ya Nje, Mário Soares, akaja Lusaka kukutana na Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Ureno ilitaka mapigano yasitishwe kwanza, mengine yazungumzwe baadaye. FRELIMO wakakataa. Walitaka haki ya uhuru kamili itambuliwe, FRELIMO itambuliwe kuwa ndiyo msemaji wa wananchi, na madaraka yahamishwe kwao. Yakikubaliwa hayo, bunduki zingenyamaza. Kwa maoni yangu hapa ndipo mazungumzo yote yalipoamuliwa. Jeshi la msituni likikubali kunyamazisha bunduki kabla ya kupewa neno, siku ya pili linakaa mezani mikono mitupu.

Kwa hiyo vita viliendelea huku watu wanazungumza. Tarehe 27 Julai Ureno ilitunga sheria ya kukubali kwamba makoloni yake yana haki ya kuwa huru. Siku tano baadaye, alfajiri ya 1 Agosti, wapiganaji wa FRELIMO waliizingira kambi ya Omar, huko Cabo Delgado, karibu na mto Ruvuma. Waliwaita askari wa Kireno kwa kipaza sauti. Zaidi ya mia moja walijisalimisha, wakapokonywa silaha na kuvushwa mpaka Tanzania. Hebu jiweke mahali pa askari yule: serikali yake imeshakiri kwamba ardhi anayoilinda si yake, naye bado yuko kwenye handaki. Jeshi la namna hiyo haliwezi kuagizwa kupigana mwaka mwingine, na wajumbe wa Ureno walilijua hilo. Melo Antunes, waziri wa Ureno, alikwenda Dar es Salaam kwa siri, na huko ndiko kazi kubwa ya kuandaa mkataba ilikofanyika.

Sasa swali lako lenyewe. Mkataba haukuigawa nchi huku kwa Wareno, huku kwa FRELIMO. Kilichogawanywa ni mamlaka, na yalihamishwa hatua kwa hatua. Ureno ilibaki na Kamishna Mkuu, Admeri Victor Crespo. Serikali ya mpito iliapishwa 20 Septemba chini ya Waziri Mkuu Joaquim Chissano, aliyeteuliwa na FRELIMO; theluthi mbili ya mawaziri walitoka FRELIMO na theluthi moja Ureno. Kwa upande wa askari iliundwa Tume ya Pamoja ya Kijeshi, yenye wajumbe sawa kwa sawa, kusimamia usitishaji mapigano ulioanza saa sita usiku kuamkia 8 Septemba. Tena pande zote mbili ziliahidi kuilinda nchi kwa pamoja ikivamiwa. Maadui wa jana wakawa na wajibu mmoja ulioandikwa.

Jaribio lilikuja siku ileile ya kusaini. Walowezi waliopinga mkataba waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo leo, wakakishikilia hadi 10 Septemba. Watu walikufa, na mwezi Oktoba damu ikamwagika tena mjini humo. Usiandike kwamba makabidhiano yalikuwa ya amani tupu, utawakosea waliokufa. Andika kwamba mkataba haukuvunjika.

Ukitaka kuona mpango huo ulitegemea nini, tazama Angola, koloni jingine la Ureno. Kule mkataba wa Alvor wa Januari 1975 ulikuwa na vyama vitatu vyenye majeshi matatu, na miezi michache tu vikawa vinapigana. Mkesha wa uhuru wa tarehe 11 Novemba Wareno waliondoka bila kumkabidhi yeyote serikali. Kamishna wao alisema anawaachia madaraka wananchi wa Angola, akapanda meli. Msumbiji mpokeaji alikuwa mmoja.

Na ile tarehe 25 Juni haikuokotwa. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam siku kama hiyo mwaka 1962, na tarehe hiyo iliandikwa ndani ya mkataba. Mwezi mmoja kabla yake, 24 Mei 1975, Samora alivuka Ruvuma kutoka upande wetu, akaanza safari ya nchi nzima kwenda kusini. Wewe uko Masasi, mto hauko mbali. Kabla hujaikabidhi insha yako, watafute wazee wa huko mpakani waliowaona wapiganaji wakirudi kwao, uandike wanayokumbuka.